Mulima hausemi bongo: siku moja na jamaa juu ya Likasi

Mutoto wa mwenzetu mumoja, miaka tisa, tulimuuliza mulima ni nini. Akajibu mara moja: «Mulima ni kule muntu haingie bila karte ya kazi.»

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Mutoto huyu alizaliwa Likasi, muji wenye milima kila upande ukiinua macho, na hakuwa amepanda hata mumoja. Baba yake naye, na sisi wote tuliokaa pale ku kivuli cha nyumba ya sendika, tunaijua milima kwa ndani. Tumeitoboa, tumeilipua, tumeipakia ndani ya kamio, tumeisaga ku konsantratere. Lakini kuipanda tu kwa miguu, na muke na watoto, bila kofia ya kazi, bila kapita kuangalia saa, hiyo hatukuifanya.

Wazo halikutoka kwetu wanaume. Ku mukutano wa mwisho wa mwaka bamama njo waliomba neno. Mumoja wao alisimama akasema: «Siku ya posti hamuko. Siku ya kupumzika munalala, ao munaenda kunywa, ao iko mukutano ya sendika. Batoto banawaona saa ngapi?» Wanaume wengine walicheka. Tukaandika ndani ya kitabu cha mukutano: matembezi ya jamaa, siku ya Mungu, mwezi wa tano, mvua ikiisha.

Tulichagua mulima mumoja upande wa barabara ya Kambove, inje ya konsesio. Kutafuta mulima usio na kizuizi, usio na askari wa kampani, kulituchukua siku mbili, na hilo nalo liko neno la kuwaza. Kisha tukaenda kumusalimu shefu wa kijiji na sukari na sabuni kidogo. Mulima hata usipokuwa na karatasi, uko na wenyewe. Shefu alitupa kijana wa kutuonyesha njia.

Siku yenyewe tulikutana saa kumi na mbili asubuhi. Baridi. Watoto walivaa mapulove juu ya nguo za kanisa, sababu hawakuamini kama hatuendi kanisa. Tulikamata bisi, tukashuka ku njia ya vumbi, tukaanza kutembea. Tulikuwa jamaa saba.

Chini kabisa njia inapita katikati ya pori la miti ya miombo. Tuliona matanuru ya zamani ya makala, meusi, na miti iliyokatwa ikichipuka tena ku shina. Tuliona vichuguu vile vya kwetu Katanga, virefu kupita nyumba, na watoto walipanda kimoja wakasema wamefika tayari. Bamama walionyesha muti wa masuku, matunda yake yanakuja mvua ikianza, na pale uyoga unapoota. Sisi wanaume hatukujua hata nusu ya majina hayo. Mama mumoja mzee, aliyekuja na wajukuu, alituambia kama mutu akipotea ndani ya pori hili na sisi, atakufa njaa katikati ya chakula.

Kisha miti inaisha. Hapana kidogo kidogo, inaisha kama vile mutu amechora mustari. Juu ya mustari ule ni majani mafupi na mawe tu. Watoto waliuliza nani alikata miti. Hakuna mutu aliikata. Ni shaba. Pale udongo unapokuwa na shaba nyingi, muti hauwezi, muzizi unapata sumu. Yanabaki majani madogo yaliyozoea sumu ile, na kati yao kuna ua la rangi ya buluu, dogo, ambalo watafutaji wa madini walilifuata kujua pa kuchimba. Babu zetu nao waliijua milima hii isiyo na miti. Waliyeyusha mawe ya kijani ndani ya tanuru za udongo, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama feza, mbele kabisa ya Jules Cornet kupita huku mwaka 1892 na vitabu vyake, na mbele ya Union Minière kuzaliwa 1906. Tulimwonyesha mutoto wa miaka tisa jiwe la malakiti. Aliligeuza mukononi, akauliza: «Hii njo papa anafata chini?» Ndiyo, mwana, ni hii.

Ni pale, mbele kidogo ya mustari wa miti, njo mambo yalitokea ambayo hatukuyapanga.

Mwenzetu mumoja, hatutataja jina, alikuwa amefanya miaka 17 kazi ya kutoboa mwamba chini ya udongo. Mutu mukubwa wa mwili. Ku kartie yetu watu wanamwita kama kuna mufuko wa simenti wa kubeba. Alisimama mara ya kwanza akasema anafunga kamba ya kiatu. Mara ya pili alisimama kumwonyesha mutoto ndege. Mara ya tatu hakuwa tena na kitu cha kuonyesha. Alishika magoti, kinywa wazi, na sauti ya pumuzi yake tulisikia sisi tuliokuwa nyuma.

Muke wake alikuwa na mutoto mugongoni na beseni ya viazi kichwani. Akamupita. Akaenda hatua tano, sita, akageuka. Alimwangalia wakati mrefu.

«Papa ya batoto, hii iko tangu lini?»

«Nachoka tu kiloko.»

«Tangu lini?»

«Tangu mwaka ya jana.»

«Na usiku ukikosa pumuzi unasema iko baridi.»

Hakujibu. Tulimukalisha juu ya jiwe, tukampa maji. Watoto waliendelea kupanda na kijana wa shefu, hawakujua kitu. Kisha yeye mwenyewe akatuambia, akiangalia chini: «Mukipeleka jina yangu ku lupitali, batanitosha ku kazi. Nyumba iko ya kampani. Masomo ya batoto iko ya kampani. Mutanilisha ninyi?»

Sisi ni madelege. Kila mwezi tunazungumza na wakubwa juu ya vumbi, maski, maji ya kutobolea. Tuko na makaratasi. Na mutu huyu alikaa mbele yetu ku mikutano ile yote, ku kiti, na ku kiti kila mutu anapumua vizuri. Wengine wawili waliokuwa pale walianza kusema nao wanasikia kifua kizito wakipanda ngazi. Watatu kati ya wanaume saba. Hakuna munganga aliyetuambia, ni mulima.

Tuseme waziwazi kwa jamaa zinazosoma, sababu wanaume hawasemi. Mwamba unaotobolewa ukiwa mukavu unatoa vumbi laini sana, lisiloonekana. Lile vumbi kubwa linalochafua uso halina ubaya mukubwa, linatoka ukinawa. Ni lile laini njo linaingia mpaka mwisho wa pafu na kubaki mule. Pafu linafanya kovu, na kovu halinyooki tena. Ugonjwa unaitwa silikozi. Unakuja polepole, mara nyingi kisha miaka kumi na zaidi, na alama ya kwanza ni hii: mutu anakosa pumuzi akipanda, hapana akikaa. Dawa ya kuutosha hakuna. Lakini mutu akiondolewa mapema ndani ya vumbi, ugonjwa unaweza kuendelea polepole zaidi. Tena silikozi inafungua mulango kwa kifua kikuu, na kifua kikuu kina dawa, kikijulikana. Kitambaa kilichofungwa ku pua hakizuii vumbi lile laini. Kutoboa na maji kunalipunguza sana. Sigara inazidisha yote.

Mama, kama bwana wako anafanya kazi ya kutoboa, kusaga mawe ao kulipua, na anasimama mara tatu ku mupando ambao wewe unapita na beseni, usimwache aseme iko baridi.

Mwenzetu tulimusindikiza ku lupitali, delege mumoja na muke wake, juma lililofuata. Hatutasema yote yalienda vizuri. Karatasi ya radio ya kifua ilikaa ku meza ya ofisi fulani kwa miezi, iliambiwa imepotea, ikapatikana tulipoleta kopi. CNSS iko na sehemu ya magonjwa ya kazi, lakini bila karatasi ya munganga na bila karatasi ya mutumizi hawafungui dosie, kwa hiyo kila mumoja wenu afanye kopi ya kila kitu na kuiweka ku nyumba, hapana ku kazi. Mwisho walimuhamisha ku magazini, juu, inje ya vumbi. Nyumba alibaki nayo. Pirimu ya chini ya udongo ilienda, na jamaa iliisikia: muke alianza kuuza bunga mbele ya nyumba. Mpaka leo anatuambia: «Ninyi mulinipeleka ku tribinali, hapana ku mulima.» Anasema akicheka, lakini si kicheko kizima.

Tangu siku ile tumebadilisha namna ya kutembea. Yule asiyeweza haraka anatangulia mbele, na wote wanafuata mwendo wake. Kijana akitaka kukimbia, abebe bidoni ya maji, atatulia. Watoto wadogo hawaoni mulima, wanaona panzi, mawe, mashimo, basi saa moja ya mutu mukubwa ni saa mbili za mutoto, na hakuna anayelipwa juu ya kufika. Maji: litre mbili kwa mutu mukubwa. Munkoyo ni muzuri wakati wa kula, haushiki nafasi ya maji. Bukari ukiubeba unakuwa baridi na muzito. Viazi tamu, mayai ya kuchemsha, karanga na mikate ni vyema zaidi. Viatu vilivyofungwa, sababu ya nyoka na ya majani yaliyoungua.

Wakati muzuri ni kutoka mwezi wa tano mpaka wa saba. Mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma pori, na moto unapanda mulima mbio kupita mutu. Kuanzia mwezi wa kumi mvua inakuja na radi za Katanga munazijua: panda asubuhi mapema, shuka mbele ya wingu, usikae ku kichwa cha mulima kusikiliza.

Watu wanatuuliza kama kuna pahali pengine. Milima inayoangalia Lufira upande wa Mwadingusha ni mizuri, na mutoto anaweza kuona maji yanayofanya kuran ya migodi tangu 1930. Kundelungu si ya siku moja. Ni parke tangu 1970, munahitaji kamio, ruhusa na mulinzi wa kuwaongoza, na maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300, lakini ukienda mwisho wa kiangazi utakuta maji membamba kama kamba. Tukipata feza ya kamio tutaenda. Kuna baba aliyeomba tupeleke watoto Shinkolobwe, juu ya historia. Tumekataa. Uranium haionekani na hainuki, na mwaka 2004 watu walikufa mule mwamba ulipoporomoka. Hata lundo la mabaki ya kiwanda, hata ziwa la kijani ndani ya karieri ya zamani, hatupelekei mutoto. Historia ataisoma.

Kuna wanaosema kutembea mulimani ni michezo ya wazungu, mutu mweusi aliyeshiba hawezi kujichosha bure. Wamuulize mama mzee wa uyoga. Yeye alipanda maisha yake yote, na siku ile alifika juu wa kwanza, akatungoja.

Lililo gumu kwa kweli si mulima, ni siku yenyewe. Sheria ya kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma, na pumziko la kila juma ni lazima. Ku karatasi. Ku migodi mingi posti zinazunguka namna ambayo baba anapumzika siku ya tatu, watoto wakiwa ku masomo, na siku ya Mungu yuko chini. Kwa matembezi ya pili jamaa mbili zilikuja bila baba. Tumeomba kwamba kila timu ipate siku moja ya Mungu kwa mwezi isiyoguswa. Mukubwa mumoja alituuliza tunataka siku hiyo juu ya nini, tukamwambia juu ya kupanda mulima. Aliwaza tunamuchezea. Jibu tunalingoja bado.

Matembezi yajayo ni siku ya Mungu ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya nyumba ya sendika. Leteni maji, chakula chenu na pulove. Asiye na feza ya bisi aje tu, amwone delege wake mbele.

Mwenzetu wa magazini atakuwa pale. Kazi yake sasa ni kubaki ku kichuguu kikubwa na mutoto wake wa mwisho, kulinda masufuria mpaka turudi. Mara ya mwisho hakukubali kubaki. Alienda polepole, akisimama, akienda, mpaka muti wa pili wa masuku, akaketi. Mutoto alihesabu hatua kutoka ku kichuguu. Alituambia tukishuka: 212.