Jumatatu Kumi na Tano: Mwanafunzi, Mazoezi na Mchezo wa Gofu

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi, mpenzi msomaji, nimeshika tatu: vitabu, jembe na fimbo ya gofu. Mama ameshanionya kuwa nikishuka tena hata nafasi moja darasani, basi fimbo itakaa darini mpaka nimalize Kidato cha Nne. Kwa hivyo yale nitakayoyaeleza hapa si porojo za kujaza ukurasa. Nimeyatafuta kwa sababu nisipoyajua nitaacha mchezo.

Usije ukadhani kwamba mimi ni mtoto wa tajiri. Kwetu ni Kitale, tuna shamba dogo la mahindi, na mjomba wangu ni kedi, yaani mtu anayewabebea wachezaji mkoba wa fimbo na kuwaonyesha mpira ulikoangukia. Katika klabu nyingi za Kenya kuna desturi kwamba Jumatatu, wenye uwanja wakiwa makazini, makedi hupewa nafasi ya kucheza wao kwa wao. Siku hiyo ndiyo nami humfuata mjomba, nikitumia fimbo zake mbili za zamani. Lakini mimi husoma hapa Bungoma, na ni mwanafunzi wa bweni. Hebu tufanye hesabu pamoja. Likizo ya Aprili ina wiki tatu, ya Agosti tatu, na ya mwisho wa mwaka tisa hivi. Jumla ni Jumatatu kumi na tano kwa mwaka mzima! Na hizo hazijapunguzwa. Aprili ni wakati wa kupanda na kupalilia, na Novemba ni kuvuna na kupukuchua. Mwaka jana nilicheza Jumatatu nane tu.

Sasa swali lililonisumbua ni hili: mtu mwenye siku nane kwa mwaka azitumie kucheza au kufanya mazoezi?

Kwanza tuelewe raundi ni kitu gani. Raundi kamili ina mashimo 18, na kuizunguka kwa miguu huchukua saa nne au zaidi. Kupiga mpira mara moja, tangu kuinua fimbo hadi kuishusha, hakufiki sekunde mbili. Ukimaliza raundi kwa mapigo 90, basi katika saa zile nne umepiga mpira kwa dakika tatu pekee! Saa zilizobaki ni kutembea, kungoja wenzako na kutafuta mpira kwenye nyasi ndefu (tangu 2019 sheria inakupa dakika tatu tu za kuutafuta, zamani zilikuwa tano). Kwa hivyo anayesema kwamba kucheza ndiko kujifunza anasahau kwamba katika raundi kila pigo hulipata mara moja, halafu huondoka ukaliacha pale pale.

Nilipolitambua hilo nikaruka upande wa pili kama chura. Nikaamua kwamba nikiwa shuleni nitafanya mazoezi matupu. Hatuna uwanja wa gofu shuleni, tuna ule wa kandanda, na saa ya michezo ni ya wote. Lakini nyuma ya goli la upande wa jikoni kuna kipande cha nyasi fupi ambacho hakina mwenyewe. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Nikapima makopo matupu kwa rula mpaka nikapata moja lililokaribia, nikalilaza ubavu kwenye nyasi. Mpira mmoja, fimbo moja, dakika ishirini kila jioni. Wenzangu walinicheka sana. "Wewe unafagia uwanja ama?" Nikanyamaza.

Nilikuwa nimeambiwa, na huenda nawe umesikia, kwamba nusu ya gofu ni kusukuma mpira kwenye grini, zile nyasi laini zilizokatwa sana kandokando ya shimo. Hesabu yenyewe inavutia. Katika uwanja wa mapigo 72 mchezaji hodari hutarajiwa kusukuma mara mbili kwa kila shimo, yaani mara 36, na 36 ni nusu ya 72. Basi nikajiambia, nikilimaliza kopo langu nimeshamaliza nusu ya kazi.

Kumbe nilijidanganya. Agosti nilirudi Kitale nikiwa fundi wa kopo, na Jumatatu ya kwanza nikapiga mapigo mengi kuliko Aprili! Mjomba hakucheka. Alinionyesha daftari dogo analotembea nalo, ambamo kila shimo lina mstari wake: pigo la kwanza liliangukia wapi, la pili wapi, ulisukuma mara ngapi. "Angalia hapa," akasema, "kwenye grini uko sawa kabisa. Umepotezea huku mbali. Mpira wa kwanza uko kwa miti, wa pili uko kwa miti tena. Ukifika grini umeshachoka na umeshalipa."

Baadaye nilisoma kuhusu mtu aliyelipima jambo hili vizuri, Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alichanganua mapigo mengi mno ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, na mwaka 2014 akatoa kitabu. Aliona kwamba kama theluthi mbili za tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida hutokana na mapigo ya mbali, yale ya zaidi ya mita 90 hivi kutoka shimoni. Tena hata hao wa kulipwa, wakisimama mita mbili na nusu hivi kutoka shimoni, hufaulu kama nusu ya mara zote tu. Kumbe mimi nilikuwa nalia usiku kwa kukosa kile ambacho hata mabingwa hukikosa!

Je, kopo nilitupe? La hasha. Ila nililitumia vibaya. Nilikuwa nasimama mahali pamoja na kusukuma mpira mara hamsini. Mara ya ishirini mkono ulikuwa umeshakariri, nami nikadhani nimejua. Mwaka 1979 watafiti wawili huko Marekani, Shea na Morgan, waliwafundisha watu miondoko mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia mwondoko mmoja hadi kuumaliza kabla ya kuingia mwingine. La pili lilichanganyiwa yote. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana bora zaidi. Walipojaribiwa baadaye, wale waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri. Hili hata katika Hesabu mtaliona. Ukifanya maswali ishirini ya mtindo mmoja unajiona msomi, lakini ukija mtihani uliochanganya sura zote unaanza kutoa macho.

Kwa hivyo siku hizi kila pigo la kopo nalipiga kutoka mahali tofauti, mara hatua mbili, mara sita, mara mteremkoni. Nina mpira mmoja tu (hata hivyo sina wa pili), nao naufuata mpaka uingie, kisha naandika. Zimekuwa dakika kumi badala ya ishirini, na ninachoka zaidi. Dakika kumi zilizobaki sigusi mpira kabisa, kwa kuwa nikipiga pigo la mbali nyuma ya goli lile nitavunja kioo cha jikoni na niitwe ofisini. Nazungusha fimbo hewani polepole, nikijipimia kivuli changu cha jioni kama kichwa kinayumba. Kivuli ni mwalimu wa bure.

Na Kitale je? Hapo ndipo nilipobadilisha zaidi. Zamani nilitaka mashimo 18 kila Jumatatu kana kwamba naogopa kupunjwa. Sasa, nikipata Jumatatu mbili mfululizo, ya kwanza nacheza mashimo tisa na kuandika kila kitu; hayo ni kama saa mbili. Muda uliobaki napiga mapigo ya mbali peke yake, yale ambayo daftari limeyalaumu, kwa sababu hayo Bungoma siwezi kuyapata hata kwa dawa. Jumatatu ya pili nacheza raundi nzima bila kujirekebisha katikati. Raundi ndiyo inayonionyesha ugonjwa uko wapi, nayo mazoezi ndiyo dawa. Na mgonjwa asiyepimwa anaweza kumeza dawa ya tumbo akiwa na malaria.

Jambo lingine ni saa ya kuanza. Kitale, msimu wa mvua, asubuhi huwa nyeupe na mawingu hujikusanya baada ya chakula cha mchana. Anayeanza saa nane ananunua radi. Sisi huanza saa kumi na mbili u nusu alfajiri, umande ungali mwingi na mpira ukienda polepole kwenye grini kama umefungwa kamba. Unajifunza kusukuma kwa nguvu zaidi, kisha jua likipanda unajifunza upya. Kabla ya saa tano niko nyumbani na jembe mkononi, na mama hana neno.

Wako wanaosema kwamba bila mkoba kamili wa fimbo 14 na siku nyingi mtu hawezi kuujua mchezo huu. Severiano Ballesteros wa Hispania alijifunza akiwa mtoto kwa fimbo moja, chuma namba 3, kwenye mchanga wa ufukoni kijijini Pedreña. Mwaka 1978 alikuja Muthaiga akashinda Kenya Open. Nao dada zetu wa chama wasidhani gofu ni ya wavulana. Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza wa Kenya kucheza gofu ya kulipwa, ana jina ambalo Wabukusu humpa msichana aliyezaliwa msimu wa palizi. Mimi hulikumbuka jina hilo kila Aprili, nikiwa katikati ya mistari ya mahindi na uwanja uko mbali.

Je, mapigo yamepungua? Yamepungua, lakini si sana. Agosti nilianza na 118, na Desemba nikamaliza na 109, na kati ya hayo tisa sijui mangapi yametokana na daftari na mangapi yametokana na miguu yangu kurefuka. Darasani nimepanda nafasi mbili, nami sitadai kwamba ni kwa sababu ya gofu.

Muhula huu unakaribia kufungwa. Jumatatu ya kwanza ya likizo ni ya palizi, mama ameshatuma ujumbe. Ya pili mjomba ataningoja langoni saa kumi na mbili u nusu, nami nitakuja na daftari langu mwenyewe.