Gari Likisitasita, Tuliulize Kwanza



Katika vijiji vingi bado yako magari ya zamani yanayotumia petroli. Ziko Land Rover, ziko Peugeot 504, ziko pikapu za Toyota. Magari haya yanabeba mahindi. Yanaleta saruji na mabati. Usiku yanapeleka wagonjwa hospitali. Gari la namna hiyo likiugua, haumii dereva peke yake. Nyanya zinaoza shambani. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anasubiri njiani.

Ugonjwa mmoja unaosumbua sana magari haya ni kusitasita. Dereva anakanyaga mafuta, lakini gari badala ya kuvuta linajikwaa. Au linapanda mlima vizuri mpaka katikati, halafu linaishiwa nguvu kama mtu aliyekosa pumzi.

Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Mmoja atasema, "Kabureta imekufa hiyo." Mwingine atasema, "Aa, ni koili tu." Basi mwenye gari anauza mbuzi, ananunua kabureta mpya. Inafungwa. Gari linasita vile vile. Kumbe tundu dogo la kifuniko cha tangi limezibwa na tope! Kulizibua ni kazi ya dakika 5 na haina gharama.

Kwa hiyo tukumbuke neno hili moja: tusinunue spea kabla ya kuliuliza gari. Gari halina mdomo, lakini linajibu ukilijaribu kwa utaratibu.

INJINI INATAKA NINI?

Tufikirie moto wa jikoni. Moto unataka kuni, unataka hewa, na unataka kiberiti cha kuuwasha. Kimoja kikikosekana, hakuna ugali. Injini ya petroli ni hivyo hivyo. Inataka vitu vitatu:

1. Petroli.
2. Hewa.
3. Cheche ya moto kutoka kwenye plagi.

Tena inavitaka kwa kipimo na kwa wakati wake. Kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Hewa hiyo inajaza chumba chenye urefu wa mita 2 na nusu, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 na nusu. Kazi ya kuchanganya petroli na hewa inafanywa na kabureta.

Magari mengi ya siku hizi hayana kabureta. Petroli yao inapulizwa na sindano maalum zinazoongozwa na kompyuta. Maelezo yetu ya leo ni ya magari ya zamani yenye kabureta. Tutatumia mfano wa Land Rover Series III, iliyotengenezwa toka 1971 mpaka 1985, yenye injini ya petroli ya lita 2 na robo.

TAHADHARI KWANZA

Petroli inaua. Kabla hujafungua chochote, soma haya:

- Usivute sigara. Usitumie kibatari wala taa ya chemli. Tumia tochi.
- Acha injini ipoe. Petroli ikidondokea bomba la moto inaweza kuwaka.
- Usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni ni hatari kubwa.
- Weka mawe kwenye magurudumu gari lisitembee.
- Injini ikiwa inazunguka, weka mbali mikono, kanga na mikono mirefu ya shati. Feni haina huruma.
- Weka ndoo ya mchanga karibu. Petroli ikiwaka, mwagia mchanga. Usimwage maji, kwa sababu petroli inaelea juu ya maji na moto utasambaa.

SWALI LA KWANZA: LINASITA WAKATI GANI?

Kabla ya kushika spana, muulize dereva. Jibu lake ni nusu ya kazi.

Linasita asubuhi tu, likipata joto linapona? Tazama choki. Injini baridi inataka petroli nyingi zaidi. Choki isipofunga sawasawa, petroli haitoshi. Lakini choki ikikwama imefunga, injini inapata petroli kupita kiasi hata ikiwa na joto, na bomba la nyuma linatoa moshi mweusi.

Linasita pale tu unapokanyaga mafuta ghafla, kisha linaendelea vizuri? Tazama pampu ndogo iliyo ndani ya kabureta. Tazama pia kama hewa inaingia mahali isipotakiwa.

Linakwenda vizuri tambarare, lakini mlimani au likiwa na mzigo linaishiwa nguvu, na ukisimama kidogo linapona? Hiyo ni njaa ya petroli. Fuata njia ya petroli toka kwenye tangi.

Linakatakata wakati wote, hasa siku ya mvua au ukungu? Anza na moto: plagi, waya na pointi.

Kila gari lina vituko vyake, ndiyo. Lakini ukianza hivi, mara nyingi utakuwa umekaribia mlango wenyewe.

KUFUATA PETROLI

Anza na kifuniko cha tangi. Petroli ikitoka ndani ya tangi, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Chukua kibuyu cha maji chenye mdomo mwembamba ukipindue. Maji yanatoka kwa shida, glu, glu, glu, mpaka hewa ipate njia. Ndivyo lilivyo tangi lisilopata hewa. Siku gari likianza kusita, simama, fungua kifuniko. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, fyuu, na gari likapona kwa muda, basi hewa ilikuwa haina njia. Safisha kifuniko.

Pili, tazama pampu ya petroli. Land Rover nyingi za zamani zina kikombe kidogo cha kioo kwenye pampu. Humo maji na uchafu hutuama. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini. Ukiona mstari unaotenganisha vimiminiko viwili, cha chini ni maji. Fungua kikombe, safisha kichujio chake, rudisha. Angalia gasketi ikae vizuri, maana ikivujisha hewa pampu haitavuta. Kama gari lako lina chujio la petroli la kubadilisha, tazama kama limejaa kutu.

Tatu, pima petroli inayofika. Chomoa ule waya mwembamba unaoleta umeme wa betri kwenye koili, ili pasiwe na cheche. Ncha yake isiguse chuma, na uweke mbali kabisa na petroli. Fungua bomba la petroli kwenye kabureta, elekeza kwenye kopo. Mwenzako azungushe injini mara chache. Petroli iruke kwa nguvu, pigo baada ya pigo. Ikidondoka kinyonge, tatizo liko kwenye pampu au nyuma yake. Hapo kabureta haina kosa. Usiiguse!

Nne, ipime petroli yenyewe. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe safi, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha doa. Likibaki doa la mafuta, huenda imechanganywa na mafuta ya taa. Petroli ya namna hiyo inainyima injini nguvu na kuifanya igonge ndani, ngo, ngo, ngo, hasa mlimani.

KUFUATA HEWA

Fungua chujio la hewa. Barabara zetu zina vumbi. Chujio lililojaa vumbi linainyima injini pumzi, na petroli inakuwa nyingi mno. Chujio la Land Rover za zamani lina bakuli lenye oili ndani. Vumbi linanasa kwenye oili hiyo. Ikigeuka tope, imwage, osha bakuli, weka oili mpya mpaka kwenye alama.

Kuna pia hewa ya wizi. Hii inapenya penye gasketi iliyokatika au nati iliyolegea chini ya kabureta. Hewa hiyo haikupitia kwenye kabureta, kwa hiyo haina petroli. Washa injini, iache ingurume polepole. Chukua mpira mrefu kiasi, weka ncha moja sikioni, ncha nyingine ipitishe polepole kwenye maungio. Jihadhari na feni. Ukisikia "sss" kama nyoka, umeipata. Kaza nati kwa usawa, au badilisha gasketi.

Tusisahau kabomba kembamba kanakotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distributa. Kazi yake ni kuiambia distributa iwahishe cheche pale inapotakiwa. Kakipasuka, injini inapata hasara mara mbili: hewa ya wizi inaingia, na cheche inachelewa.

SABABU YA KUSITA UKIKANYAGA GHAFLA

Ukikanyaga mafuta ghafla, mlango wa hewa kwenye kabureta unafunguka. Hewa ni nyepesi, inakimbilia ndani mara moja. Petroli ni nzito, inachelewa. Kwa kitambo kidogo injini inakula hewa tupu. Ndiyo maana watengenezaji waliweka pampu ndogo ndani ya kabureta, irushe petroli ya nyongeza wakati ule ule unapokanyaga.

Kuipima ni rahisi. Zima injini na uiache ipoe. Toa mpira wa chujio la hewa, mulika kwa tochi kwenye koo la kabureta. Usukume kwa mkono mtambo wa mafuta. Uone petroli ikiruka kama mkojo mwembamba wa mtoto, mara moja tu unaposukuma. Isiporuka, kijitundu kimeziba au mpira wa pampu umekauka. Hapo sasa kabureta ina kosa. Lakini hata hivyo huhitaji kabureta nzima, unahitaji kusafisha, au kifaa kidogo cha ndani yake.

KUFUATA MOTO

Fungua plagi moja moja. Funga alama kwenye waya zake, namba 1 hadi 4, zisichanganyike. Kisha soma rangi ya plagi kama unavyosoma gazeti hili:

- Rangi ya kahawia hafifu au kijivu: injini inaungua vizuri.
- Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi au hewa ni chache.
- Nyeusi yenye oili: oili inapanda toka ndani. Injini imechakaa.
- Nyeupe sana: petroli haitoshi, au hewa ya wizi inaingia.

Nafasi ya plagi katika Land Rover hii ni milimita 0.75 hadi 0.80. Nafasi ya pointi ndani ya distributa ni milimita 0.35 hadi 0.40. Pointi zikilika, nafasi hubadilika, na cheche haiji kwa wakati wake. Gari lako likiwa la aina nyingine, fuata kitabu chake.

Jaribio lingine halina gharama. Usiku wa giza, fungua boneti, washa injini, zima taa. Usiguse kitu. Tazama waya za plagi na kifuniko cha distributa. Ukiona vimulimuli vya bluu vinarukaruka, moto unavuja pale kabla ya kufika kwenye plagi. Waya umechoka au kifuniko kina ufa.

JAMBO MOJA KWA WAKATI MMOJA

Hapa ndipo elimu yetu ya kusoma na kuandika inapofanya kazi. Ukibadilisha plagi, pointi na chujio siku moja, gari likapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Likirudia, utanunua vyote tena. Badilisha kitu kimoja, kisha jaribu kwenye mlima ule ule, kwa mzigo ule ule. Andika. Kila gari liwe na daftari lake, kwa mfano hivi:

"Tarehe 3. Limesita mlimani, mzigo magunia 6. Tumefungua kifuniko cha tangi, hakuna mlio wa hewa."

"Tarehe 4. Tumesafisha kikombe cha pampu. Kulikuwa na maji. Mlima ule ule, magunia 6. Halikusita."

"Tarehe 9. Limesita tena. Maji yamerudi. Tutafute maji yanaingilia wapi tangini."

Tazameni, mistari hii michache imeokoa fedha. Maji yakirudi, maana yake mlango wa maradhi uko tangini.

Kama umefuata petroli, hewa na moto, na bado gari linasita, basi huenda valvu au ringi zimechoka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo. Mpelekee gari pamoja na daftari. Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu nusu ya kazi umekwisha kuifanya. Na yule anayetaka kukuuzia spea usiyoihitaji atajua kwamba unasoma.

MASWALI YA KUJADILI

1. Injini ya petroli inataka vitu gani vitatu?
2. Gari linaishiwa nguvu mlimani, likipumzika kidogo linapona. Tuanze kutazama wapi? Kwa nini?
3. Kwa nini moto wa petroli hauzimwi kwa maji?
4. Je, gari au mashine ya kijijini kwenu ina daftari? Nani aliandike, na likae wapi?