Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, na Dodoma?

Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa wengi wetu twaitumia pasipo kuuliza neno lake la mwisho lina maana gani. Kutunza hapa si kulea wala kuhifadhi. Ni kumwendea mchezaji katikati ya ngoma, watu wakiona, na kumtia fedha mkononi au kumbandika usoni kwa kuwa amecheza vema. Ndiko lilikotoka neno tuzo. Basi tuzo, kwa asili yake, ni malipo ya ujuzi, na mlipaji ni yule aliyefurahishwa.

Twalikumbusha neno hili kwa sababu ya mambo tuyaonayo siku hizi katika mji wetu wa Dodoma. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, huu ulikuwa mji mdogo wa reli, mnada na vumbi. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kweli, tarehe 26 Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yawaleta wageni kutoka Dar es Salaam kwa saa chache tu. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kuishi kwa kazi na usingizi peke yake. Mfanyakazi aliyeshinda ofisini, sokoni au kwenye mjengo ana haki ya kucheka na kucheza ifikapo jioni.

Na burudani ipo. Ipo miziki ya bendi, wapo wachekeshaji, wapo wasanii mashuhuri wanaokuja leo na kuondoka kesho. Zipo na zawadi tele: tiketi za bure, fulana, simu, hata pikipiki, na mtu huambiwa atume ujumbe au anunue bidhaa fulani kisha angoje jina lake litajwe. Hatuna ugomvi na bahati nasibu. Magazeti nayo yana chemshabongo zake, na msomaji hufurahi akishinda. Lakini zawadi ya namna hiyo haimtunzi mtu. Mpokeaji hakuonyesha ujuzi wowote, na mtoaji hakufurahishwa na lolote. Anatangaza biashara yake, na hiyo ni haki yake.

Wakati huo huo, ni nani achezaye kwao? Katika nchi hii sehemu nyingi ngoma hupigwa na wanaume, wanawake wakaitika. Kwa Wagogo muheme hupigwa na wanawake. Huibana ngoma mapajani, wakaipiga kwa viganja huku wakiimba, na mtu aliyesimama karibu huisikia kifuani kabla ya masikioni. Asili yake yahusiana na sherehe za jando na unyago, wala haikuwa mapambo ya mikutano. Iko na nindo, uimbaji wa sauti nyingi ambazo huachana na kukutana tena pasipo kugongana. Ziko zeze, marimba za vidole gumba na filimbi. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kunasa sauti, muziki wa Wagogo ulikuwa miongoni mwa aliyoichukua. Wataalamu wa muziki wa nchi za mbali wameusoma na kuuandikia. Karani aishiye Area C pengine hajapata kuusikia ila pale anapopita mgeni wa Serikali.

Na hapo ndipo penye aibu. Kikundi huitwa asubuhi, huketi juani, hupiga ngoma mgeni anaposhuka, mgeni hupunga mkono, basi. Aliyekodisha mahema hulipwa kwa hati. Mwenye vipaza sauti hulipwa kwa hati. Akina mama wa muheme mara nyingi hupewa soda na nauli, na shukrani ambayo haina jina la mtu.

Tazameni habari ya marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na sanaa ikawa ndiyo kazi yake. Baadaye akawa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na zeze lake likasikika Ulaya na kwingineko. Kampuni ya Real World ya Peter Gabriel huko Uingereza ilitoa santuri yake Chibite mwaka 1996. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Taifa lilimtunza, hilo tusilikane. Lakini kijana wa Kigogo anayejifunza marimba leo akiitazama njia ile aona jambo moja: ili sanaa ya Ugogo imlishe Mgogo, ilimbidi kwanza aiache Ugogo.

Si kwamba hatujui namna ya kumlipa msanii. Chama cha wafanyakazi NUTA kilipounda bendi yake katika miaka ya 1960, wanamuziki wa NUTA Jazz waliajiriwa wakalipwa mshahara, wakahesabiwa kuwa wafanyakazi miongoni mwa wafanyakazi. Umoja wa Vijana wa TANU ulifanya vivyo hivyo na Vijana Jazz. Bendi zilipata mshahara. Ngoma ya kijijini ikaachiwa heshima. Mwalimu mwenyewe, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipounda Wizara ya Utamaduni, alisikitika kwamba twajua rumba na chacha kuliko ngoma zetu.

Mashariki ya jiji, katika barabara iendayo Dar es Salaam, kiko kijiji cha Chamwino, penye Ikulu. Huko ndiko lilikoanzishwa mwaka 2009 Tamasha la Muziki wa Cigogo, kwa juhudi za Kedmon Mapana na wenzake wa kituo cha sanaa cha Chamwino. Vikundi kutoka vijiji mbalimbali hukutana, wazee na watoto, wakapimana ustadi mbele ya watu wanaojua kupima. Mgogo mwenzake hadanganyiki na nindo mbovu. Huo ndio uwanja wa kutunzana.

Twashauri basi. Makampuni yapendayo kugawa pikipiki yaigawe moja kwa kikundi kilichopiga muheme vema kuliko vyote, na waamuzi wawe wazee wa Kigogo. Matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi yakodi basi kwenda Chamwino kama yakodivyo kwenda mpirani, na wanachama wake wawe na noti mfukoni. Baraza la jiji liweke usiku mmoja kila mwezi katika bustani ya Nyerere, vikundi vya wilaya vikicheza kwa zamu kwa malipo yanayojulikana. Na ofisi yoyote itakayoalika ngoma kumpokea mgeni iandike hati ya malipo ya ngoma siku ile ile inapoandika ya mahema, jina la kikundi likiwamo, na ilipe kabla akina mama hawajapanda gari la kurudi kijijini.