Mwana Shaba: gazeti ya patron ao ya kwetu?

Mwana Shaba ilianza kutoka 1957, wakati wa Union Minière, ikaendelea na Gécamines. Katika kambi, papa alitafuta habari za kazi. Sisi batoto tulikimbilia Mwana Shaba Junior na hadisi zake za picha.

Tulipokua, tukaibeza: ni sauti ya patron tu, taabu ya shimoni haiandike! Kisha mwaka 2003, bazee maelfu bakatoka kwa départ volontaire. Leo, sisi tuliokuwa tunaicheka ndio tunauliza: nani angali na namba ya zamani?

Patron aliandika kwa faida yake, ni kweli. Lakini mule ndani kuko majina na sura za bapapa betu. Mwenye nayo, asiwashie mbabula.