Kifo na Ulozi katika Inchi ya Fizi

Mtu akifa kijana kule Fizi ao Baraka, watu wa matanga wana maulizo mawili. La kwanza linasemwa wazi: Amekufa na ugonjwa gani? La pili linasemwa usiku, kwa sauti ya chini, kisha wageni kwenda zao: Nani amemwua? Padri na katekista wanasikia kwa kawaida ulizo la kwanza, nao wanajibu lile tu. Kumbe jamaa wanangoja jibu la pili. Tunapenda kueleza hapa ginsi maulizo hayo yanavyoshikana, kwani asiyeyafahamu hataweza kuwafariji wafiwa, wala kumwokoa yule atakayeshitakiwa kesho.

Tuanze na Wazande, ambao wengine wao wanakaa kaskazini ya Kongo yetu, upande wa Uele. Mwingereza mmoja, Evans-Pritchard, aliandika juu yao kitabu kikubwa katika mwaka 1937. Anaeleza habari ya ghala inayoanguka na kuumiza watu waliokaa chini yake kukimbia jua. Mzande anajua vizuri sana kwamba mchwa walikula nguzo. Hana haja ya kufundishwa hayo na mzungu. Anachouliza ni hiki: Kwa nini ghala ilianguka saa ile ile, wakati watu wale walipokaa chini? Hapo ndipo anapotaja ulozi. Basi mwenye kudai kwamba watu wanaamini ulozi kwa sababu hawajui mambo ya asili, hajawasikiliza. Mchwa ni jibu la ulizo la kwanza. Ulozi unataka kujibu la pili.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao, kama vile wengine walivyopenda kutuambia. Katika kisiwa cha Dobu, mbali sana, upande wa Papua, Reo Fortune alikuta watu wanaohesabu karibu kila kifo kuwa kazi ya mtu mwenye chuki. Naye alieleza habari zao katika kitabu cha mwaka 1932. Hata mume na mke wanaogopana. Katika inchi ile ile ya Papua New Guinea, serikali iliweka sheria juu ya uchawi katika mwaka 1971, ikaifuta katika mwaka 2013, kisha mwanamke mmoja kijana kuchomwa moto mbele ya watu wengi huko Mount Hagen.

Kwa nini anayeshitakiwa ni mtu wa karibu? Sababu ni wazi tukifikiri kidogo. Mtu wa mbali hana neno nasi. Wivu unakaa pale penye shamba la kugawana, mahari ya kulipa, urizi, wake wawili katika lupango moja. Na katika jamaa, kidole kinamfikia kwa upesi yule asiye na mtetezi: mjane mzee, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika. Hatujaona bado mtu mwenye nguvu na feza akichomwa kwa ulozi.

Sasa tutazame ziwa letu. Kolera haitoki kabisa katika vijiji vya pwani ya Tanganyika, toka Uvira mpaka Kalemie, na Baraka iko katikati. Mtu aliyevua samaki jana ni mzima, leo anaharisha maji matupu, jioni amekauka, amekufa. Ugonjwa wa haraka hivi unafanana na shambulio la adui. Lakini unatibika: maji ya chumvi na sukari, ao serumu katika mshipa, na wengi wanapona. Kila saa inayotumiwa kwenda kwa mfumu ni saa iliyotolewa katika uzima wa mgonjwa. Vivyo hivyo yule anayekonda polepole: watu wa Kivu wanasema amepewa karuho, wanamficha nyumbani na kumnywesha dawa za kutapisha, hali pengine ni kifua kikuu ao ini.

Wazee wa Fizi wanakumbuka tena dawa za vita. Katika mwaka 1964 na 1965 Wasimba walipakwa dawa ili risasi zigeuke maji. Che Guevara, aliyekuwa milimani hapo mwaka 1965, aliandika habari za dawa hiyo na miiko yake: usiguse mwanamke, usichukue cha mwingine, usiogope. Tazama ginsi fundisho hili linavyojilinda. Anayekufa alivunja mwiko. Dawa haina kosa hata siku moja. Hata waliosema wanaleta mapinduzi hawakuepuka. Katika maquis ya Laurent Kabila huko Hewa Bora, wazee walishitakiwa ulozi na wengine wakauawa. Na kule Kalehe, katika mwaka 2021, wanawake waliuawa kisha kutajwa na manabii wa kike wanaoitwa bajakazi.

Tufanye nini, sisi watu wa Kanisa? Kusema «Ulozi hauko» na kwenda zetu, haifai. Watu watanyamaza mbele yetu, watakwenda kwa mwingine. Kusali ili Mungu amtaje mlozi ni vibaya zaidi: hapo tumekuwa wafumu wenye stola. Katekisimu ya Kanisa, namba 2117, inakataza uchawi wote, na inakataza vilevile kutumia wepesi wa watu wa kuamini. Wanafunzi walipouliza juu ya kipofu wa kuzaliwa, nani alikosa, Bwana wetu alikataa kutaja mtu.

Basi katekista akisikia jina likitajwa matangani, asingoje Jumapili. Aende usiku ule ule kulala katika nyumba ya mshitakiwa pamoja na wakristu wawili watatu, na asubuhi aende kwa shefu. Sheria ya Leta iko: kitabu cha azabu cha mwaka 1940, kifungu 57, kinawaazibu wote wanaoshiriki katika kumjaribu mtu kwa mwavi ao kwa njia nyingine ya namna hiyo, hata kama mtu mwenyewe amekubali kunywa.