Mikataba ya Uwekezaji wa Kigeni na Maendeleo Endelevu: Funzo la Shauri la Biwater Gauff dhidi ya Tanzania

Mikataba ya uwekezaji baina ya nchi mbili humpa mwekezaji wa kigeni haki ya kuishtaki nchi mwenyeji mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa. Mingi ya mikataba ya awali, hata hivyo, haimwekei mwekezaji wajibu wowote wala haitaji maendeleo endelevu. Makala haya yanafafanua athari za pengo hilo kwa kurejelea shauri la Biwater Gauff dhidi ya Tanzania, lililoamuliwa mwaka 2008 chini ya Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji.

Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa uendeshaji wa huduma za majisafi na majitaka jijini Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10. Utendaji wake ulizorota. Mei 2005 Serikali ilitangaza kuvunja mkataba huo, na tarehe 1 Juni ikatwaa shughuli za kampuni na kuwaondoa nchini viongozi wake. Mwanahisa wa kigeni alifungua madai kwa kutegemea mkataba wa uwekezaji wa Tanzania na Uingereza wa mwaka 1994.

Serikali ilijitetea kwamba ililinda huduma ya lazima, na asasi 5 za kiraia ziliruhusiwa kuwasilisha hoja kuhusu haki ya maji. Baraza lilibaini kwamba hapakuwa na dharura ya kuhalalisha namna hatua hizo zilivyochukuliwa, kwani mkataba ungekoma kwa utaratibu wake wiki chache baadaye. Tanzania ilionekana kukiuka mkataba, lakini haikuamriwa kulipa fidia, kwa kuwa kampuni haikuwa tena na thamani ya kiuchumi.

Nafuu hiyo, basi, ilitokana na hesabu za kampuni, si uzito wa haki ya maji. Kampuni ingekuwa na faida, hatua zilezile zingeweza kuigharimu nchi fedha nyingi.

Mkataba wa Moroko na Nijeria uliotiwa saini mwaka 2016 unaonyesha njia nyingine: unamtaka mwekezaji afanye tathmini ya athari kwa mazingira na unatambua haki ya dola kutunga sheria kwa ajili ya maendeleo endelevu. Masharti ya aina hiyo ndiyo yanayolipa baraza la usuluhishi msingi wa kisheria wa kupima maslahi ya umma kabla ya kufikia suala la fidia.