Kabla ya kuchomeka pasi na birika pamoja, piga hesabu hii

Bedsita nyingi jijini Nairobi zina soketi moja au mbili tu. Ndiyo maana ekstensheni imekuwa kama mtu wa familia: TV, redio, chaja, pasi na birika la umeme, vyote vinaingia hapo. Halafu siku moja unasikia harufu ya plastiki ikiungua na unaanza kulaumu stima. Mara nyingi shida ni hesabu ambayo hakuna aliyeipiga.

Hesabu yenyewe ni ile ya shule ya upili, na kikokotoo cha simu kinatosha. Volti ni msukumo wa umeme, na hapa Kenya soketi ya nyumbani ni ya volti 240. Ampea hupima mkondo unaopita kwenye waya. Omu hupima ukinzani, yaani jinsi kifaa au waya unavyozuia mkondo huo. Jina hilo linatokana na Mjerumani Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka wa 1827.

Gawanya volti kwa ampea, unapata omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu. Basi.

Chukua birika linalovuta ampea 10. Nguvu yake ni 240 × 10 = wati 2,400. Ukinzani ni 240 ÷ 10 = omu 24.

Na pasi iliyoandikwa wati 1,200? Geuza hesabu: 1,200 ÷ 240 = ampea 5. Ukinzani wake ni 240 ÷ 5 = omu 48.

Ukiwasha zote mbili kwenye ekstensheni moja, mkondo unafika ampea 15. Sasa pindua ekstensheni yako usome maandishi ya nyuma. Utaona 13A, au hata 10A. Umeshapita kiwango, na usitegemee fyuzi ikuokoe papo hapo. Ikizidiwa kidogo tu, inaweza kukaa muda mrefu kabla ya kukatika.

Hatari zaidi iko pale waya umelegea. Joto hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu. Tuseme kiungo kibovu kina ukinzani wa nusu omu. Kwa ampea 10, ni 10 × 10 × 0.5 = wati 50, joto la kutosha kuyeyusha plastiki polepole. Kwa ampea 15 ni wati 112.5. Mkondo umeongezeka kwa nusu tu, lakini joto limezidi maradufu!

Kwa hivyo usihesabu plagi, hesabu wati. Chaja ya wati 20 haifiki hata ampea 0.1, kwa hivyo chaja tano si tatizo. Vifaa vya kupasha joto ndivyo vya kuchunga. Vichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kimoja baada ya kingine.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha tokeni zinaenda wapi: birika la wati 2,400 likiwaka dakika 10 linakula uniti 0.4.

Usijaribu kupima mkondo wa ukutani mwenyewe. Soma lebo. Na plagi ikiwa moto au imebadilika rangi, zima swichi, kisha mwambie landilodi alete fundi mwenye leseni ya EPRA.